Kabla Hujakiuza Kifaa cha Bunduki, Uliza Sheria kwa Maandishi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Changamwe aliniandikia kwamba amebuni kidude cha kufungwa kwenye mdomo wa bunduki ili kupunguza mshindo, kwamba watu wenye leseni wameshaanza kukiulizia bei, na kwamba anachohitaji kwangu ni mbinu za kutafuta soko. Namjibu hapa hadharani, kwa kuwa si yeye peke yake mwenye karakana na ndoto ya namna hiyo.

Mimi nilianzia kwenye kitako cha bunduki. Katika karakana yangu ya Shimanzi nilitengeneza pedi ya mpira yenye bamba mbili za alumini na skrubu ya kurekebishia urefu, ili mlenga shabaha mwenye mikono mirefu asiumie bega. Mshirika wangu alitaka tuitangaze Instagram siku ileile. Nilikataa. Nilichora mchoro wenye vipimo, nikaandika ukurasa mmoja kueleza pedi inafanya nini na haifanyi nini, kisha nikaupeleka kwa wakili anayeifahamu Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114. Mshirika wangu aliniita mwoga mbele ya mafundi wangu na akaondoa fedha zake. Neno lile linaniuma hadi leo, ingawa pedi inauzwa, tena vizuri.

Jibu la wakili halikuhusu mpira hata kidogo. Alinionya kwamba kutengeneza au kukarabati bunduki za watu kama biashara ni kazi ya aliyesajiliwa, na kwamba kuishika bunduki ya mteja bila cheti cha silaha ni kosa jingine. Kwa hiyo mimi nauza pedi na skrubu zake tu, na mteja huenda kufungiwa na mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa.

Msidhani kwamba hataza itawakinga. Hataza humzuia mwingine asiige kazi yako. Haikupi ruhusa ya kuiuza. Huko Marekani, William Akins alipata hataza mwaka 2000 ya kifaa cha kuharakisha ufyatuaji wa bunduki, na baadaye akapata hata barua ya idara ya serikali inayosema kwamba kifaa chake hakiigeuzi bunduki kuwa bombomu. Mwaka 2006 idara hiyohiyo iligeuza uamuzi wake kwa sababu ya springi iliyokuwa ndani, naye alipokwenda mahakamani akashindwa. Mwaka 2010 idara ikaruhusu kifaa cha mtu mwingine kilichofanana na hicho bila springi; baada ya mauaji ya Las Vegas ya 2017 ikavipiga marufuku vya aina hiyo kuanzia Machi 2019, na mnamo Juni 2024 Mahakama ya Juu ikaifuta marufuku hiyo kwa kura 6 dhidi ya 3. Yaani hata barua ya serikali inaweza kugeuka, sembuse maneno ya rafiki yako wa kilabu cha shabaha!

Wanaowaza kuuza nje wakumbuke pia forodha. Katika orodha ya ushuru, vipuri na viambatisho vya silaha vina fungu lake, 9305, ilhali darubini ya kulengea ikisafirishwa peke yake huwekwa pamoja na vifaa vya macho. Ukijaza fomu ya forodha ya bandari ya Kilindini kwa kubahatisha, utajieleza kwa watu wasio na haraka.

Sasa, kijana wangu, turudi kwako. Sheria yetu inapoeleza maana ya bunduki inajumuisha kiambatisho kilichoundwa kupunguza mshindo au mmweko wake, hata kikiwa peke yake mezani. Kwa hiyo swali lako si la soko. Usichonge hata sampuli moja, usimtumie mtu picha, na hao wanaoulizia bei waambie huna cha kuuza. Chukua mchoro uupeleke kwa wakili, naye aiandikie Bodi ya Leseni za Silaha. Jibu likija, lisome pamoja naye kabla hujawasha mashine.