Marufuku ya Ulaya haigusi sabuni ya unga
Dada, umeuliza kama marufuku ya Umoja wa Ulaya ya kujaribu bidhaa kwa wanyama inahusu pia vitu vya usafi wa nyumba. Hapana, haigusi sabuni ya unga wala dawa ya kusafishia choo. Nimeisoma kanuni yenyewe, namba 1223/2009, kifungu cha 18: ni vipodozi tu, yaani losheni, shampuu, dawa ya meno, rangi ya mdomo na vya aina hiyo. Tangu Machi 2013 hata kuuza huko kipodozi kilichojaribiwa kwa wanyama nje ya Ulaya kumekatazwa. Vya usafi wa nyumba viko chini ya sheria za kemikali, na huko majaribio kwa wanyama bado yanaweza kudaiwa kama njia ya mwisho.

Kwa hiyo maneno “haijajaribiwa kwa wanyama” kwenye chupa hayatoshi. Huenda yanaihusu bidhaa iliyokamilika tu, ilhali kiambato chake kilitiwa machoni mwa sungura. Tafuta nembo ya Leaping Bunny (sungura anayeruka), ambayo inawabana hadi wanaouza viambato wasijaribu kwa wanyama, na hutolewa kwa sabuni za nyumbani pia. Sungura aliyechorwa na kampuni yenyewe usimwamini. Inaniuma sana watu wenye huruma wanavyopotoshwa na picha hiyo.