Usinunue anwani
Dada, umeuliza kama ununue anwani za barua pepe ili mapishi yako yapate wasomaji. Usinunue kabisa. Wasiokujua wataripoti barua zako kama taka (spam), na tangu Februari 2024 Gmail inawataka wanaotuma barua kwa wingi wahakikishe zinazoripotiwa hivyo hazifikii asilimia 0.3. Ukivuka hapo, hata waliojiandikisha kwa hiari huenda wasizione. Chini ya pishi la biriani weka kisanduku cha kujiandikisha: "Nikutumie vipimo vya watu 50?" Mwenye shughuli nyumbani ataacha anwani papo hapo. Barua ya kwanza iwe na vipimo hivyo na swali moja tu: wali wako huharibikia wapi? Wakijibu, wajibu wewe mwenyewe, mmoja mmoja. Wasiofungua kwa miezi sita waulize kama bado wanataka, wakinyamaza, waondoe.