Kanga Ilikuwa na Jina, Mtumaji Hakuwa Nalo

Mwaka 1996, baada ya baba yangu kufariki, mama alikuwa akitukopea unga, sukari na mafuta ya taa katika duka lililo karibu na nyumba yetu, hapa Wete, kisiwani Pemba. Kila jioni nilitumwa mimi, na kila jioni mwenye duka alifungua daftari lake, akashusha kidole hadi kwenye jina la mama, akaandika bila ya kusema neno. Siku moja nilikuta ukurasa wetu umepigwa mstari kutoka juu hadi chini, nikadhani tumekatiwa kukopa. Akaniambia kwamba deni limelipwa, kwamba aliyelilipa ameomba asitajwe, na kwamba nimwambie mama aendelee kuchukua anachohitaji.

Mama aliondoka duniani bila ya kumjua mtu huyo. Nilichokiona mimi, nikiwa mtoto wa skuli, ni kwamba tangu siku ile aliwatazama watu wote wa mtaa wetu kwa jicho jengine: kwa kuwa yeyote angeweza kuwa ndiye, alimwamkia kila mmoja kana kwamba ndiye, hata yule jirani ambaye walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mnazi wa mpakani.

Nilipoanza kazi ya ualimu nilijiwekea ada ya kutenda mambo madogo ya namna hiyo, na haya ninayoyaeleza nimeyajua zaidi kwa kukosea. Kosa kubwa lilikuwa la kanga. Jirani yetu mmoja mumewe alioa mke wa pili, naye kwa wiki kadhaa hakuonekana mferejini wala harusini. Nikaenda Chake Chake, nikanunua doti moja niliyoichagua kwa jina lake, "Subira yavuta heri", nikaifunga katika gazeti na kumpa mtoto aiweke barazani kwao baada ya magharibi. Nilijiona nimefanya jambo la busara. Kumbe jirani yangu aliposoma jina lile hakuona faraja, aliona kijembe, kwani kwa fikra yake nani mwengine angemtumia maneno kama yale bila ya kujitaja, isipokuwa mke mwenziwe? Nilipaswa kulijua hilo mapema, maana sisi tumelelewa katika kanga, na tunafahamu kwamba mwanamke anaweza kumjibu hasimu wake kwa kupita tu mbele ya mlango wake akiwa amejitanda maneno yanayofaa. Zogo lilikwenda siku 3, wazee wakaitwa, nami nikalazimika kwenda kwake, kukaa mkekani na kukiri. Aliniangalia kwa muda, kisha akaniuliza kwa nini sikubisha hodi tu.

Swali hilo ndilo lililonifunza ninachotaka kukueleza. Sote tumesomeshwa katika chuo cha Kurani habari ya watu 7 watakaopata kivuli cha Mwenyezi Mungu, na mmoja wao ni yule aliyetoa sadaka kwa siri hata mkono wake wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Mimi nilikuwa nikiifikiria siri hiyo kwa upande wa mtoaji peke yake, yaani namna inavyomkinga na ria, ile hali ya kutenda ili watu wakuone, nikasahau kwamba siri ni sitara ya yule anayepewa. Mahali ambapo kujulikana kungemtia mtu haya, kama vile katika deni, nauli au sufuria isiyo na kitu, jifiche. Lakini mwenye huzuni hahitaji kifurushi kisichojulikana kilikotoka; anahitaji mtu wa kukaa naye, na huyo hawezi kukosa jina.

Kwa sababu hiyo kanga nimeiacha, na pia nimeacha kutia vikaratasi vya kuwapa moyo wanafunzi ndani ya madaftari yao, kwani waliutambua mwandiko wangu siku ya kwanza. Ninachokifanya zaidi ni nauli na duka. Nikipanda gari ya kwenda Chake nikaona bibi anayehesabu sarafu mara mbili mbili, humlipia kwa konda kwa sauti ya chini wakati wa kushuka, na huhakikisha kwamba mimi ninashuka kabla yake. Kutuma pesa kwa simu sikushauri, kwa kuwa ujumbe anaoupokea mwenzako unalo jina lako, na kuanzia hapo kila mnapokutana njiani atajihisi anadaiwa.

Kwa upande wa duka, usilipe deni lote kwa mara moja, maana jambo kubwa huzungumzwa. Lipa 5,000 au 10,000, kisha rudi mwezi mwengine. Chagua pia wakati. Katika Ramadhani sadaka hutoka kila upande, na msimu wa karafuu ukiwa mzuri hata watoto hupata chochote kwa kuchuma. Lakini ikishapita sikukuu, mfungo mosi, mwezi unaoifuata Ramadhani, unapoanza kusonga na watu wameshamaliza walichokuwa nacho kwa nguo za watoto, hapo ndipo kurasa za daftari hujaa, na hapo ndipo 5,000 yako ina uzito. Usimtake mwenye duka aseme uongo kwa ajili yako. Mwambie ajibu kwamba ameaminiwa asiseme, na kama si mtu wa kuweza kuishia hapo, tafuta duka jengine.

Hili la mwisho ni gumu kuliko yote, kwani wenye duka wetu ndio wanaojua habari za kila nyumba, na kuzihifadhi ni kazi. Yule wa kwetu yupo bado, ingawa sasa amezeeka na daftari anaandikiwa na mjukuu wake, na ni kwake ninakopeleka vijisenti vyangu. Mwaka jana, tukiwa wawili tu dukani, nilimuuliza ni nani aliyelipa deni la mama. Alinitazama juu ya miwani yake, akavuta mzani karibu, akaniuliza kama sukari ninataka kilo moja au nusu.