Tumbo la sangara linatoboka

SWALI: Natengeneza kipeperushi cha muuza samaki wa Mwaloni, Kirumba, kwa InDesign, programu ya kupanga kurasa. Sangara nimempiga picha juu ya karatasi nyeupe, ila nikiondoa mandharinyuma, tumbo nalo linatoboka. Nakosea wapi? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Programu haimwoni samaki, ndugu yetu, inaona weupe tu, na tumbo la sangara linang'aa kama hiyo karatasi. Fungua menyu ya Object, Clipping Path, kisha Options. Ukichagua Detect Edges, yaani programu itafute kingo yenyewe, Threshold (kiwango cha weupe unaofutwa) huanza na 25. Ishushe taratibu hadi 10 hivi, na tiki ya Include Inside Edges iondoe ili matundu ya ndani yazibe. Pembeni pakibaki utepe mweupe, weka milimita 0.2 kwenye Inset Frame, inayosogeza mstari wa kukata kwa ndani.

Miiba ya pezi la mgongoni, hata hivyo, haitatoka safi kwa njia hii. Mzungushie samaki mstari kwa kalamu ya Photoshop, programu ya kuhariri picha, uuhifadhi kama Path (mstari wa kukatia) ndani ya PSD, yaani faili la Photoshop, halafu kwenye InDesign uchague Photoshop Path badala ya Detect Edges. Ni kazi ya nusu saa, lakini magamba yote yanabaki. Safari nyingine umfute maji kwanza: tone likimeta, nalo huhesabiwa karatasi.