Kabla hujapiga Windows, toa data kwanza

Maswali ya wiki hii karibu yote ni ya hard disk, yaani diski inayotunza mafaili ya kompyuta, nimechukua sita tu maana mengine yanajirudia. Kupiga Windows ni kuiweka upya.

Laptop inazungusha vidoti nusu saa ndo inawaka. Fundi amenipigia Windows mara tatu mwezi huu, inakaa sawa siku nne afu inarudi vilevile. Shida nini? (Karani wa chama cha msingi, Masasi)

Ndugu yangu, Windows ikipigwa mara tatu na tatizo likarudi mara tatu, ujue Windows haina kosa, diski ndo inakufa. Ukipiga upya mafaili yanaangukia sehemu nzima za diski kwa hiyo siku mbili tatu inakimbia, afu sehemu nyingine inaharibika na unarudi kulekule, na kila ukipiga unaandika magigabaiti juu ya diski mgonjwa, mengine yanakaa juu ya mafaili yako ya zamani.

Weka CrystalDiskInfo, ni programu ya bure ya kupima afya ya diski. Usiishie kwenye rangi, shuka chini uangalie mistari mitatu: 05 ni sekta zilizokufa ambazo diski imeshazihamishia kwenye akiba, C5 ni zile inazozitilia shaka, C6 ni zilizogoma kusomeka kabisa. Zote zikiwa sufuri, upande huo uko sawa. Na namba za pale hazisomwi kama za dukani, zinakuja kwa hesabu ya kumi na sita, ukiona A8 mwishoni maana yake 168, kuna sehemu kwenye menyu ya kuzibadili zije kawaida. C5 ikiwa 8 leo na 40 kesho kutwa, acha kila kitu uhamishe mafaili, anza na yale ambayo huwezi kuyapata tena. Humo kuna hesabu za korosho za wakulima, sio muvi.

Na mafundi mnaosoma hapa, swali la kwanza kwa mteja ni "kuna data?" kabla hata hujachomeka flashi. Aliniletea mwanafunzi mmoja wa chuo hapa Mtwara diski iliyopigwa Windows mahali fulani, patisheni (vyumba vya diski) zote zimefutwa, utafiti wake wa miezi aliokusanya Tandahimba ulikuwa humo. Nilitoa picha chache, ripoti sikuipata. Yule binti alikaa kwenye kiti dukani kwangu bila kusema neno. Bado inaniuma.

Diski inagonga tak tak tak, naweza kuitumia mpaka mwisho wa mwezi? (Mikindani)

Hapana dada, zima sasa hivi. Hiyo milio mara nyingi ni kichwa cha kusomea kinatafuta njia kwenye sahani na hakiioni, na kile kichwa kinaelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo mara maelfu kuliko unene wa unywele, kikigusa kinakwangua, na palipokwanguliwa data hairudi. Kama vitu vya humo ni vya thamani kweli usiiwashe tena hata mara moja ya "ngoja nijaribu", apelekewe mtu mwenye chumba maalum kisicho na vumbi, bei yake kubwa. Usikubali fundi aifungue mezani na feni inapuliza. Na hii habari ya kuiweka kwenye friza acheni, hewa yetu ya pwani ina unyevu, ukiitoa humo inaloa.

Nikipiga chkdsk (ile amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski) itapona? (Wengi)

Haiponi, na kama hujatoa data chkdsk inaweza kuimalizia kabisa.

Nimetoka Newala na bodaboda, kufika HP inaandika haioni diski, 3F0. Imekufa? (Mwalimu, Mtwara mjini)

Inawezekana imelegea tu mwalimu. 3F0 maana yake mashine haikupata diski ya kuwakia, haijasema imekufa. Zima, fungua, chomoa diski uirudishe vizuri na kebo yake. Ikiwaka, angalia mstari wa C7 kwenye CrystalDiskInfo, ukiwa unapanda lawama ni ya kebo, bei ndogo. Ikigoma, washa huku unabonyeza Esc afu F2 upime diski. Ila ukiona 301 hapo diski yenyewe inakwambia inakaribia kufa, kimbilia data. Siku nyingine ukipanda boda zima laptop kabisa, usiifunike tu.

Kwenye Task Manager diski inasoma asilimia 100 muda wote, ninunue nyingine? (Nachingwea)

Sio lazima, ramu ndogo au Windows inajisasisha inaleta hivyohivyo. Angalia muda wa kujibu palepale, ukikaa kwenye maelfu ya milisekunde huku inasoma kidogo sana ndo pima kama nilivyomwambia karani. Afu kama betri imekufa na unatumia chaja tupu, nunua betri, kila umeme ukikatika unaikata diski katikati ya kuandika.

Nikiweka SSD (diski mpya isiyo na sahani zinazozunguka) nimeshamaliza shida za data? (Lindi mjini)

Hujamaliza kaka. SSD haiogopi mitikisiko na inakimbia sana, ila ikifa haigongi, haitoi mlio, asubuhi unawasha haipo. Na faili ukilifuta kwenye SSD kulirudisha ni ngumu kuliko diski ya zamani. Kwa hiyo weka bakapu (nakala za akiba) mbili, na moja isikae kwenye begi la laptop. Windows 11 nyingi pia zinajifunga kwa BitLocker, kufuli la Windows linaloficha data ya diski, tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48 uuandike kwenye daftari leo, bila huo hata mimi siwezi kukufungulia.

Ukinunua diski, ichomeke palepale dukani uangalie kwa CrystalDiskInfo masaa iliyofanya kazi. Mwaka mzima una masaa 8,760, ukiambiwa mpya na inasoma 20,000 mrudishie palepale kabla hujatoa hela.