Mafuta ya figo, ukwaju na dagaa: kupika vyakula vya Kiingereza ukiwa Tanzania

Dada wa Mwanza, nimesoma swali lako. Shemeji yetu Mwingereza ameanza kukumbuka kwao, anataka shepherd's pie (nyama ya kusaga iliyofunikwa viazi vya kuponda), toad in the hole (soseji zilizookwa ndani ya rojo la mayai na unga) na crumble (matunda yaliyookwa chini ya chenga za unga na siagi) yenye kastadi, nawe umezunguka maduka ya hapo mjini ukakosa nusu ya vitu vilivyoandikwa kwenye mapishi. Wadau waliotangulia wamekushauri uagize vitu kutoka supamaketi za Masaki vije kwa basi. Mimi sikushauri hivyo. Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye jiko la nyumba ya kutunzia wazee kule Leeds, Uingereza, sasa niko Dar na bado navipika kwa sababu watoto wangu walivikulia. Kopo la kutoka Uingereza nalinunua kwa nadra sana.

Kabla hujatafuta kinachokosekana, punguza unachozidisha. Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu. Wazee niliowapikia walikulia kwenye mgao wa chakula wa Vita vya Pili vya Dunia, ulioanza Januari 1940, na nyama ndiyo iliyochelewa zaidi kutoka kwenye mgao, hadi Julai 1954. Mtu wa namna hiyo chakula cha kumtuliza moyo ni nyama iliyoiva taratibu, kitunguu, chumvi, pilipili manga na viazi. Wanawe na wajukuu wamelelewa kwa mkono huohuo. Ukimtilia kitunguu saumu, tangawizi, binzari na kipande cha mdalasini atakula vizuri tu, atashukuru kwa adabu, lakini hajala cha kwao. Royco iache kabatini, ina viungo vya mchuzi wetu na ladha yake haijifichi.

Badala ya viungo, utamu wao unatoka kwenye kukausha na kubadilisha rangi. Chukua grevi, ule mchuzi wao mzito wa kahawia. Kaanga vitunguu viwili vikubwa kwa moto mdogo kabisa, nusu saa au zaidi, mpaka viwe vya kahawia kwelikweli. Nyunyiza kijiko cha unga wa ngano, koroga mpaka unga nao ushike rangi, kisha ongeza supu ya mifupa kidogo kidogo. Waingereza wenyewe wengi hufungua Bisto, unga wa grevi uliopo tangu 1908, na siwalaumu. Ila ukiwa na mifupa ya ng'ombe na subira huihitaji.

Sasa shepherd's pie. Yenyewe ni ya kondoo, ukitumia ng'ombe inaitwa cottage pie, na Waingereza hubishana juu ya hilo kama sisi tunavyobishania pilau ya nani ndiyo pilau. Kondoo akikosekana buchani, mbuzi anafaa, lakini hana mafuta mengi, kwa hiyo mwambie muuzaji asage nyama pamoja na kipande cha mafuta. Kaanga nyama kwanza mpaka maji yote yakauke na ianze kushika rangi, ndipo uweke vitunguu, karoti, nyanya ya kopo kijiko kimoja na supu. Iive mpaka iwe nzito. Ikiwa na maji, viazi vya juu vitazama.

Viazi ndivyo vinavyoamua. Sokoni wanachanganya aina zote kwenye ndoo moja, hakuna wa kukuandikia jina. Changanya kipimo 1 cha chumvi kwa vipimo 11 vya maji, tumbukiza viazi vibichi: kinachozama kina wanga mwingi na kitapondeka kikavu na chepesi, kinachoelea kitanata, huyo mpeleke kwenye supu. Ukishachemsha na kumwaga maji, rudisha sufuria motoni dakika moja mvuke utoke, kisha ponda kwa mwiko pamoja na siagi na maziwa ya moto. Blenda usiiguse. Ukivitandaza juu ya nyama, chora mistari kwa uma ili vilima vile vidogo viungue kidogo. Huna oveni? Weka kwenye sufuria, funika, palia mkaa juu kama unavyopalia wali, na chini acha makaa machache sana. Inatoka vizuri kuliko oveni nyingi za gesi ninazozijua.

Mapishi mengi yatakuambia uongeze matone ya sosi ya Worcestershire, na hapo watu hukata tamaa. Lea & Perrins walianza kuiuza 1837, na ndani yake mna siki, molasi, sukari, chumvi, samaki wadogo wa jamii ya anchovi, ukwaju, kitunguu na kitunguu saumu. Soma tena orodha hiyo. Ukwaju upo kwako, na dagaa mchele wa Zanzibar ni jamii ya samaki haohao. Nachemsha kijiko cha ukwaju uliochujwa, siki ya kahawia nusu kikombe, sukari guru, sosi ya soya, karafuu mbili na nusu kijiko cha chai cha dagaa mchele waliosagwa, robo saa kwa moto mdogo, nachuja, naweka kwenye chupa. Hailingani kabisa na ya dukani, lakini ndani ya nyama ya kusaga hakuna aliyewahi kuniuliza.

Uliuliza pia kuhusu mafuta yanayouzwa kwenye boksi la Atora, yale ya kutengenezea madonge ya kuivia ndani ya mchuzi. Hayo ni mafuta magumu meupe yanayozunguka figo za ng'ombe, na bucha lolote linayo. Mara nyingi wanayachanganya kwenye nyama mchanganyiko bila kuyathamini. Agiza mapema, toa utando, yagandishe, kisha yakwaruze kwenye kikwaruzio huku ukinyunyizia unga yasishikane. Gramu 100 za unga kwa gramu 50 za mafuta, chumvi, bekingi pauda kijiko kimoja cha chai, maji ya baridi kiasi cha kushika. Finyanga madonge, yaweke juu ya mchuzi unaochemka, funika dakika 20 na usifunue. Siagi au Blue Band haifai hapa kwa sababu inayeyuka mapema. Mafuta ya figo yanachelewa kuyeyuka, donge linakuwa limeshaanza kushikana, na yanapotoka yanaacha vitundu vinavyolifanya liwe jepesi.

Kwa toad in the hole, mkaa haukufai, tafuta oveni inayofika nyuzi 220. Vunja mayai kwenye kikombe, angalia yamefika wapi, halafu unga uwe kiasi hicho na maziwa kiasi hicho. Basi. Acha rojo lipumzike. Soseji zikaushe rangi kwanza kwenye bati lenye samli, na samli iwe inatoa moshi mwembamba unapomimina rojo. Usifungue mlango kwa dakika 25, hata watoto wakikusihi. Kule Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, desturi ya zamani ilikuwa kula pudding, yaani rojo hilohilo lililookwa bila soseji, yenye grevi kabla ya nyama, tumbo litangulie kujaa na nyama kidogo itoshe wote. Mama yeyote mwenye ugali mkubwa na mboga kidogo atawaelewa. Kuhusu soseji, zao huwa na mkate ndani, ndiyo maana ni laini. Za Farmer's Choice kutoka Kenya zinakaribia. Kama nyumba yenu haili nguruwe, saga nyama ya ng'ombe yenye mafuta, changanya na chenga za mkate zilizoloweshwa, pilipili manga na kungumanga, viringisha bila utumbo.

Crumble ndiyo rahisi kuliko zote. Matofaa yao ya kupikia, Bramley, ni machachu na yanavurugika yakiiva. Ya kwetu ya dukani ni matamu na yanabaki vipande. Changanya nusu yake na embe bichi, uchachu utarudi. Juu ni unga, siagi na sukari vilivyosuguliwa kwa vidole, kwa gramu 200, 100 na 100. Kastadi hata huna haja ya kuhangaika, Foster Clark's ipo maduka mengi. Alfred Bird aliibuni kastadi ya unga Birmingham mwaka 1837 kwa sababu mkewe hakupatana na mayai, leo watu wa pwani wanaigandisha na matunda kwa futari. Shemeji mmiminie ikiwa ya moto.

Na jamani, Mwanza unalilia samaki wa Kiingereza? Sangara ana minofu minene meupe inayoachana vizuri, mchovye kwenye rojo la unga na bia au soda ya maji ya baridi sana, mafuta yawe moto sana.

Marmite, ile rojo nyeusi ya chumvi inayotokana na hamira wanayopaka kwenye mkate, sina mbadala wake, nimejaribu na nimeacha. Mtu akija kutoka kwao abebe hiyo, siki ya shayiri ya kunyunyizia chipsi na majani makavu ya sage, kiungo chao cha majani yenye harufu. Hayo mengine asijazie begi.