Kabla hujaita tinga, angalia udongo wako kwanza

Hii naandikia vijana mnaoanza ukulima huku Nakuru, Kisumu mpaka Bungoma, pamoja na wale mmenunua tinga juzi na mnataka kulimia watu. Kila msimu mtu anaona video ya mkulima wa Brazil ama Uingereza, kesho yake anauliza hiyo mashine inauzwa wapi. Mimi humwuliza, hiyo mashine iliundwa kumaliza shida gani kule kwao, na wewe hiyo shida uko nayo?

Chukua plau ya moldibodi, ile inapindua udongo juu chini. Wakulima wa Uingereza na Ujerumani wameitumia miaka mingi na wana sababu, udongo wao ni baridi na unashika maji, wakiupindua kabla ya baridi kali magugu yanazikwa, halafu maji yaliyo ndani ya mabonge yanaganda yanayapasua, kwa hivyo ikifika wakati wa kupanda kazi nusu imefanywa na hali ya hewa. Sisi hatuna hiyo baridi. Bonge la Rongai likipigwa na jua la Januari linabaki tu bonge, inabidi ulipe tinga irudi na haro, ile ya kuvunja mabonge, mara ya pili na pengine ya tatu, kila ikipita matairi yanakandamiza huko chini na huku juu umebaki na vumbi la kubebwa na upepo, ama mvua ya kwanza ya Machi ilipeleke kwa mto. Marekani waliona hayo miaka ya 1930, walikuwa wamelima nyasi za zile nyanda zao kubwa wakapanda ngano, ukame ukaingia, udongo ukapeperuka juu kama wingu na watu wengi wakahama.

Huku kwetu kazi nyingi inafanywa na plau ya diski na mimi siikatai, shamba mpya yenye visiki na mawe diski inakanyaga kisiki inapita. Shida ni kulima kina kilekile mwaka nenda mwaka rudi. Plau inaenda sentimita 15 hadi 20 hivi, na pale inapoishia udongo unashindiliwa mpaka unakuwa tabaka gumu, na hilo tabaka hulioni ukiwa umesimama juu. Chimba shimo katikati ya shamba lifike magoti, ingia ndani, chukua kisu kidogo udunge ukuta wa shimo ukianzia juu ukishuka pole pole. Kisu kitaingia vizuri, kitafika mahali kikatae, ukishuka kidogo tena kianze kuingia. Hapo kilipokataa pima na rula uandike. Halafu chimbua shina moja la mahindi bila kulivuta, uoshe mizizi, utaona imeshuka sawa ikafika hapo hapo ikakata kona ikaenda kando. Mahindi ya aina hiyo mvua ikiruka wiki mbili majani yanajikunja saa nne asubuhi na ya jirani bado yamenyooka, na hata uongeze mbolea namna gani hujagusa shida yenyewe.

Hapo ndipo ripa ama chiseli inaingia, yaani chuma chenye ncha kinachopasua udongo chini bila kuupindua, na hapa nataka mnisikize vizuri kwa sababu pesa nyingi inapotea hapa. Ripa inafanya kazi udongo ukiwa mkavu, baada ya kuvuna na kabla ya mvua, ndio lile tabaka lipasuke. Udongo ukiwa na maji ile ncha inakata mfereji mwembamba tu na kupaka kuta zake matope, ukikauka umerudi pale pale. Kwa hivyo mtu wa tinga akikuambia ngoja mvua inyeshe ilainike, kataa. Yeye anafikiria dizeli yake, na ni kweli kavu inakula dizeli, lakini hiyo ndiyo kazi unayolipia. Na usiende chini sana bure, kama kisu kilikataa kwa sentimita 20, ripa iende 25 ama 30 inatosha.

Wale hamna tinga msidhani hii haiwahusu. Zambia wako na ripa ya ng'ombe inaitwa Magoye, unatoa mwili wa plau ya kawaida unaifunga kwa ile boriti yake, ng'ombe wanafungua mistari tu ya kupandia na katikati hapaguswi. Bungoma na Busia mko na plau za ng'ombe kila mahali, hiyo ingewafaa kuliko kungoja tinga mpaka mvua ipite.

Watu wa nyanda za Kano huko Kisumu, nyinyi shida yenu ni nyingine kabisa. Udongo mweusi ukilowa hakuna kitu inapita, ukikauka unapasuka mguu unaingia. Waethiopia wako na udongo kama huo kwenye nyanda zao za juu, na plau yao ya kienyeji, maresha, inakwaruza tu bila kupindua. Miaka ya 1980 watafiti waliunganisha maresha mbili zikawa kifaa cha kutengeneza matuta mapana yenye mfereji kila upande, maji yatoke shamba. Kwa hivyo nyinyi ulizeni kwanza maji yatatoka shamba kupitia wapi, kina cha plau baadaye.

Sasa Brazil. Herbert Bartz alianza kupanda bila kulima mwaka wa 1972 huko Rolândia, jimbo la Paraná, kwa sababu mvua kubwa zilikuwa zinamaliza udongo wake. Kwenye video mnaangalia planta, ile mashine ya kupandia, lakini angalieni kile inakanyaga, ni mabua na majani yamefunika ardhi yote, na magugu wanamaliza na dawa. Huku mabua yote yanaenda kwa ng'ombe. Ukiacha kulima na shamba iko uchi, udongo unashikana, maji yanateleza juu na magugu yanakumaliza msimu wa kwanza. Anza na robo eka, acha angalau nusu ya mabua chini, panda njahi katikati. Ukiwa upande wa magharibi na kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, inakusumbua, weka desmodiamu, mmea wa kulisha mifugo, kati ya mistari, inafunika udongo, inapunguza kayongo na ng'ombe anaila.

Na wenye matinga, kabla ya kununua ripa uliza bei ya zile ncha, zinaisha haraka kwa udongo mkavu. Fundi wa jua kali anaweza kukutengenezea na springi ya lori kuukuu, mpelekee ile orijino aige pembe yake sawasawa, ikilala vibaya haitashuka chini hata uongeze uzito.